Kuinua matiti kwa upasuaji: maswali ninayoulizwa kabla na baada

Kazi yangu ni kuhudumia vidonda. Wanawake waliotoka kuinuliwa matiti huja kwangu kubadilishiwa bandeji, na wengine huja mapema, wakiwa bado wanajiuliza kama waende au waache. Maswali yao yanafanana sana, hivyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyeketi mbele yangu. Neno moja nalitanguliza kwa sababu majibu mengi yanalirudia: huku ni kubadilishana. Unaacha titi lililolala, unachukua titi lililosimama lenye kovu. Aliyelipima jambo hilo akalikubali kabla ya kuingia chumba cha upasuaji hupona akiwa na utulivu. Aliyeambiwa kuwa hakutakuwa na alama yoyote hulia mbele yangu siku bandeji inapofunguliwa, na inaniuma kila mara.

Upasuaji huu unafanya nini hasa?

Daktari anaondoa ngozi iliyozidi, anaipanga upya nyama ya ndani ya titi na kuisogeza juu, kisha anaihamishia chuchu mahali pake papya. Kwa kawaida chuchu haing'olewi. Inaachwa imeshikamana na nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na inahama pamoja nayo. Duara linaloizunguka likiwa limetanuka, linapunguzwa.

Upasuaji wenyewe hauongezi ukubwa wa titi. Wapo wanaoshangaa sidiria zao za zamani zikipwaya kidogo, kwa kuwa ile ngozi iliyokuwa ikijazana ndani ya kikombe imeondolewa.

Yamelegea kwa sababu nilinyonyesha?

Hapana, na ningependa kila mama anayejilaumu alisome jibu hili mara mbili. Ndani ya titi kuna nyuzinyuzi zinazoishikilia nyama kwenye ngozi na kifua. Zinaitwa kano za Cooper, kwa jina la daktari Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Nyuzi hizo na ngozi zikivutwa kwa muda mrefu hutanuka, na zikishatanuka hazijirudi.

Kinachozivuta ni umri, uzito wa titi lenyewe, mwili kunenepa na kukonda, na mimba moja baada ya nyingine. Sigara nayo imo, kwa sababu inaharibu unyumbufu wa ngozi. Mwaka 2008 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walichapisha utafiti uliowachunguza wanawake waliokuwa wamepata ujauzito. Kunyonyesha kwenyewe hakukuonekana kuwa chanzo. Idadi ya mimba ndiyo iliyoonekana kuhusika. Kwa hiyo anayemnyima mtoto ziwa ili kulinda umbo anapata hasara bila faida.

Je, mazoezi, krimu au kulala na sidiria vinaweza kuyainua?

Titi halina msuli. Misuli ya kifua iko nyuma yake, na ukiifanyisha kazi itajaa nayo ni jambo jema, lakini haiwezi kuivuta ngozi iliyokwisha kutanuka. Krimu inalainisha ngozi ya juu, basi. Sidiria inayokufaa hupunguza mtikisiko unapokimbia na kuondoa maumivu ya shingo, ila haiwezi kulirudisha titi lilikokuwa. Fedha za krimu hizo afadhali uziweke akiba.

Nitajuaje kama yangu yamefika pa kuhitaji upasuaji?

Simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono chini, utazame chuchu ilivyo ukiilinganisha na mkunjo ulio chini ya titi. Madaktari wengi bado wanatumia ngazi zilizopangwa na daktari Paule Regnault mwaka 1976. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, hiyo ni ngazi ya kwanza. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo lakini bado kuna nyama chini yake, ni ya pili. Ikiwa ndiyo iliyo chini kabisa na inatazama sakafu, ni ya tatu. Kuna pia titi ambalo chuchu yake iko juu ya mkunjo ila nyama yenyewe ndiyo imeshuka, na hilo hutibiwa kwa namna yake.

Ngazi hizi humsaidia daktari kuchagua namna ya kukata. Hazisemi kwamba lazima ukatwe. Kulegea kwa matiti si ugonjwa, na mwenye ngazi ya tatu asiyesumbuliwa na chochote hana deni kwa mtu yeyote.

Ni wakati gani nisiufanye?

Kama bado unataka kuzaa, subiri ikiwezekana, maana mimba nyingine inaweza kuivuta tena ngozi uliyolipia. Kama umemwachisha mtoto ziwa juzijuzi, yape matiti miezi mitatu hadi sita yatulie kwanza. Kama uko katikati ya safari ya kupunguza uzito, fika kwanza unakokwenda na ukae hapo miezi kadhaa.

Kisha kuna sababu ambayo haionekani kwenye vipimo. Nimewahi kumhudumia mwanamke ambaye kila nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu kwa maneno ya mumewe: mume amesema hivi, mume anataka vile. Kidonda kilipona vizuri. Yeye mwenyewe sikuona kama alifurahi. Mwili ni wako, maumivu ni yako, kovu utaishi nalo wewe. Kama anayeutaka upasuaji ni mtu mwingine, rudi nyumbani ukatafakari tena.

Makovu yatakuwaje?

Inategemea kiasi cha ngozi kinachoondolewa. Titi lililolegea kidogo linaweza kukatwa kuzunguka duara la chuchu tu, na kovu likajificha pale rangi mbili za ngozi zinapokutana. Lililolegea zaidi huongezewa mstari unaoshuka wima kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo. Lililolegea sana hupata na mstari wa tatu, unaolala ndani ya mkunjo wenyewe, na umbo lote likawa kama nanga. Mchoro huo wa nanga una asili yake: mwaka 1956 daktari Robert Wise aliuchora akifuata vipande vya kushonea sidiria.

Wanawake wengi wanaomba kovu dogo hata pale titi lao linapohitaji kubwa. Naelewa kwa nini. Lakini ngozi nyingi ikikusanywa kwenye mduara mdogo, mshono hujikunja, duara hutanuka baadaye, na titi huwa bapa mbele. Kovu refu lililo mahali pake huzeeka vizuri kuliko kovu fupi lililolazimishwa.

Tarajia lionekane vibaya kabla halijapendeza. Wiki za mwanzo ni mstari mwembamba, ukajisemea mambo ni mepesi. Kati ya mwezi wa pili na wa nne linakolea rangi, linakuwa gumu na linawasha. Hapo ndipo simu zinapoanza kunijia. Kisha polepole linalainika na kufifia, na kazi hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kufifia si kufutika.

Mimi hupata makovu yanayovimba. Je, nifanye?

Mwambie daktari siku ya kwanza, na umwonyeshe: sikio ulilotoboa, alama ya chanjo, mshono wa uzazi. Kuna kovu linaloinuka likabaki ndani ya mipaka ya kidonda, na hilo mara nyingi hushuka lenyewe. Keloidi ni kitu kingine. Inavuka mipaka ya kidonda, inaendelea kukua, na ikikatwa bila matibabu mengine huweza kurudi kubwa kuliko mwanzo. Huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi, na kifua ni mojawapo ya sehemu inazozipenda, hasa karibu na mfupa wa katikati.

Ukiwa na historia hiyo hufungiwi mlango moja kwa moja, ila uzito wa mizani unabadilika. Plasta au jeli ya silikoni huanza kutumika ngozi ikishafunga kabisa, na kovu likianza kuinuka huchomwa sindano za steroidi mapema. Usisubiri liwe gumu ndipo uje.

Niweke na vipandikizi vya silikoni wakati huohuo?

Kipandikizi, yaani kifuko kinachowekwa ndani ya titi, kinajaza sehemu yake ya juu, kitu ambacho kuinua peke yake hakukifanyi vya kutosha. Lakini pia kinaongeza uzito kwenye ngozi ileile iliyoshindwa kubeba uzito wa kwanza, na si cha maisha yote, hivyo ukubali kuwa huenda siku moja utarudi mezani. Kufanya vyote viwili kwa pamoja kunaongeza uwezekano wa matatizo, na madaktari wengine huvitenganisha. Nionavyo mimi, asiye na uhakika na kipandikizi aanze na kuinuliwa tu. Kuongeza baadaye ni rahisi kuliko kutoa.

Nitaweza kunyonyesha baadaye?

Wengi wanaweza, hasa pale mirija ya maziwa ilipoachwa imeungana na chuchu. Hakuna daktari mkweli atakayekuapia. Wengine hupata maziwa pungufu wakalazimika kuongezea.

Na hisia za chuchu?

Ganzi ni ya kawaida mwanzoni. Wengine hupata kinyume chake: chuchu inashtuka hata ikiguswa na nguo. Hisia hurudi polepole kwa miezi, na utasikia vichomo vya ghafla kama umeme wakati mishipa ya fahamu inaamka. Kwa wachache ganzi hubaki. Upotevu wa chuchu yenyewe kwa kukosa damu ni nadra, na huwapata zaidi wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa.

Je, unaleta saratani, au unaificha?

Hauleti. Ila makovu ya ndani na mafuta yaliyokufa yanaweza kuacha vinundu au madoa meupe kwenye picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti. Ndiyo maana mwenye umri wa kupimwa hupigwa picha kabla, kisha nyingine miezi 6 hadi 12 baadaye, iwe kumbukumbu ya kulinganishia. Kila unapopigwa picha, taja kuwa ulifanyiwa upasuaji. Ukikuta uvimbe mpya, usiamue mwenyewe kwamba ni kovu. Nenda ukapimwe.

Nimuulize nini daktari?

Muulize kama amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile na anatambuliwa na baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi. Muulize amefanya mara ngapi upasuaji wa aina unayohitaji wewe, nani atakulaza usingizi, na utalazwa wapi jambo likiharibika usiku. Omba picha za wagonjwa wenye mwili kama wako, za baada ya mwaka na si za baada ya wiki sita. Na uliza bei inajumuisha nini: dawa ya usingizi, vipimo, sidiria ya upasuaji, ziara za baadaye, na nani analipa ikibidi kurekebisha. Bima nyingi hazilipii, kwa kuwa unahesabiwa kuwa urembo.

Daktari anayeudhika kwa maswali haya umeshapata jibu lake.

Nijiandae vipi?

Acha sigara, shisha na kila chenye nikotini angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Hili silisemi kwa mazoea. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokatwa na kuhamishwa inaishi kwa mishipa hiyohiyo midogo. Nimefunga vidonda vya waliovuta kwa siri, na najua vinavyoonekana.

Aspirini, ibuprofeni, vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutokwa damu, hivyo taja kila unachomeza, dawa za asili zikiwemo. Dawa ya kuzuia damu kuganda au ya moyo usiiache bila kauli ya daktari.

Nyumbani, shusha vitu. Sahani, sukari, chumvi, dawa, taulo, vyote viwe kati ya kiuno na kifua ili usinyooshe mikono. Weka tayari nguo zinazofunguka mbele, mito ya kutosha, na mtu mzima wa kulala nawe siku mbili za mwanzo. Mwenye mtoto wa kubebwa atafute msaidizi wa wiki kadhaa, si wa siku mbili.

Siku yenyewe inakuwaje?

Utachorwa kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa kuwa titi likilala linabadilika umbo. Kisha nusu kaputi, saa mbili hadi tatu, na unaamka ukiwa umefungwa. Wengine hurudi nyumbani siku hiyohiyo, wengine hulala usiku mmoja.

Wiki ya kwanza nitarajie nini?

Wengi huniambia si maumivu makali, ni kubanwa na kuwaka, kama siku maziwa yanapoingia baada ya kujifungua. Siku ya pili na ya tatu uvimbe unafika kileleni, na hapo ndipo mtu anaposema nilijiingizia nini. Meza dawa za maumivu kwa saa zake, usisubiri yakuzidi. Dawa kali zenye kodeini hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji, kula mboga na matunda, na uombe ya kulainisha, kwa sababu kujikamua chooni kunaumiza kifua.

Lala chali, kichwa na mgongo vimeinuliwa kwa mito. Tembea ndani ya nyumba tangu jioni ya kwanza, hatua chache kila baada ya muda, ili damu isigande miguuni. Sidiria ya upasuaji unaivaa mchana na usiku, kwa kawaida wiki nne hadi sita, ukiivua wakati wa kuoga tu. Wengi huruhusiwa kuoga maji ya kutiririka baada ya siku mbili hivi, lakini fuata neno la daktari wako, na usijitumbukize kwenye beseni wala bwawa mpaka vidonda vifunge kabisa. Ukiwekewa mirija ya kutoa majimaji, huondolewa ndani ya siku chache. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya wiki moja au mbili.

Halafu kuna machozi. Karibu na siku ya nne au ya tano, dawa ya usingizi imeshatoka, usingizi wa usiku ni mbovu, kifua kimevimba na kina michubuko, na mtu analia bila kujua kwa nini. Si lazima iwe majuto. Mwambie anayekuhudumia mapema kwamba siku hiyo yaweza kuja, ili asikutazame kama mtu aliyekosea. Huzuni ikikaa wiki na wiki, hiyo nayo ni ya kumweleza daktari.

Lini nitarudi kazini, kuendesha gari, kubeba mtoto?

Kazi ya kukaa, wiki moja hadi mbili. Kazi ya kusimama na kunyanyua, wiki nne hadi sita. Gari ni pale utakapoweza kukanyaga breki ghafla na kukata usukani bila kusita, na ukiwa umeacha dawa zinazolevya. Usinyanyue kitu kizito kuliko birika la maji lililojaa kwa wiki tatu za kwanza au zaidi, na mtoto wa mwaka mmoja ni mzito kuliko birika. Keti, kisha apandishwe mapajani na mtu mwingine. Kukimbia na mazoezi ya kifua husubiri wiki sita. Tendo la ndoa wengi hurejea baada ya wiki mbili hivi, ila matiti yasiguswe mpaka yapone.

Mbona yamekaa juu mno, tena hayafanani?

Yanaanza yakiwa juu, bapa chini na yamejaa juu. Ngozi ya chini ikilegea kidogo, nyama inashuka na kujaza. Miezi mitatu hadi sita ndiyo ya kuhukumu, si wiki ya tatu. Pia uvimbe hautoki pande zote kwa kasi moja. Na hata yakitulia, hayatafanana kama nakala. Hayakufanana hata kabla, ni vile ulikuwa hujayatazama kwa makini hivi.

Kidonda kimefunguka kidogo pale mistari inapokutana chini. Nimeharibikiwa?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba hapana. Pale mstari wa wima unapokutana na wa mkunjo ndipo ngozi inapovutwa zaidi, na kufunguka kidogo hapo ni jambo tunaloliona mara kwa mara. Kwa usafi na bandeji hujifunga lenyewe, ingawa huchukua wiki kadhaa. Kionyeshe mapema, usikipake unga wala mafuta ya mtu aliyekushauri.

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali?

Titi moja kuvimba ghafla, kuwa gumu na kuuma kuliko jingine: huenda damu inavujia ndani. Chuchu kugeuka nyeusi, ya zambarau au kupauka. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu mbaya, joto na wekundu unaotanda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, hivyo tumia mkono kulinganisha joto la pande mbili. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kukosa pumzi au kifua kuchoma unapovuta hewa. Kwa hili la mwisho usimpigie mtu simu kuuliza, ondoka wakati huohuo.

Yatadumu muda gani?

Miaka mingi kwa mtu ambaye uzito wake hautapanda na kushuka. Lakini mvuto wa ardhi haukomi, na umri nao hausimami. Yatashuka tena kidogo kidogo, kuanzia mahali pa juu kuliko yalipokuwa.

Nikanunue sidiria mpya lini?

Usiende kabla ya miezi mitatu, hata kama vidole vinakuwasha. Chuma cha chini hukaa palepale kwenye mshono wa mkunjo, hivyo kisubiri hadi daktari akiruhusu. Ukienda, pimwa upya, kwani namba yako ya zamani huenda si yako tena. Nunua moja tu, ivae mwezi mzima, kisha ndipo ununue nyingine.